Moja Nzito, Moja Nyepesi

Wanaojua sana habari za ngumi ni wale ambao hawajawahi kupigwa hata moja. Hao ndio waliosema, huu mwaka wa ishirini na tisa sasa, kwamba Winchi aliuza pambano. Walisema vibarazani, walisema kwa vinyozi, walisema kwenye foleni ya maji huku wameshika ndoo ambazo Winchi angezibeba sita kwa mkupuo. Mkewe aliwasikia wote. Alikuwa na neno moja la kuwafunga midomo siku ileile, na hakulitoa.

Huyo mkewe, jina lake lilimezwa na kazi yake zamani. Alianza kuitwa Karani akiwa msichana wa miaka ishirini na mbili, alipoajiriwa kwenye gereji kuandika magari yanayoingia na yanayotoka, na leo, bibi mwenye wajukuu wawili, mumewe bado humwita Karani. Watoto walipokuwa wadogo walidhani ni jina la mapenzi. Hawakukosea sana.

Gereji ilikuwa banda refu la mabati. Mbele yalipangwa magari mabovu, nyuma kulikuwa na ulingo. Mwenye gereji, bondia mstaafu aliyekuwa na pua iliyolala upande, aliitwa Kocha hata na wateja waliokuja kubadilisha oili. Ulingo ule aliujenga mwenyewe: nguzo zake mabomba ya maji, kamba zake ni zile za kuvutia magari yaliyozimika njiani. Mfuko wa kupigia ulikuwa matairi matatu ya lori yaliyofungwa pamoja, na uzito wa mabondia ulipimwa kwenye mizani ya vyuma chakavu. Vumbi, grisi, jasho, petroli. Karani hadi leo akipita karibu na gereji yoyote hupunguza mwendo, akavuta pumzi, kisha akajiona mjinga akaongeza hatua.

Winchi hakwenda pale kutafuta ngumi, alikwenda kutafuta kibarua. Asubuhi hiyo mnyororo wa winchi, ile mashine ya kuinulia injini, ulikuwa umekwama, injini inaning'inia nusu hewani na fundi wa chini yake anasali. Kijana mmoja mgeni, mrefu hadi ameinama kupita mlangoni, akaweka mfuko wake wa nguo chini, akaikumbatia ile injini, akaitua sakafuni taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Halafu akauliza kama kuna kazi. Kocha alikuwa na mswaki mdomoni. Akautoa.

"Wewe si mtu wa kubeba injini," akasema. "Wewe ni mtu wa kubeba mkanda."

Wakampandisha kwenye mizani ya vyuma chakavu. Kilo mia moja na nane, bila viatu. Karani akaiandika kwenye daftari la magari, kwa kuwa hakuwa na daftari jingine, kati ya pikapu ya kubadilishwa breki na teksi isiyo na taa.

Sasa lipo jambo moja la gereji ile ambalo halikuwepo kwenye kumbi nyingine za mazoezi. Kocha hakuweza kufundisha na kutazama saa kwa wakati mmoja. Saa pekee iliyokuwa ikitembea sawasawa pale ilikuwa kwenye mkono wa Karani, na kengele haikuwepo kabisa. Ilikuwepo ringi ya lori, kile chuma kinachovishwa tairi, imetundikwa kwa mnyororo karibu na meza yake, na spana namba thelathini na mbili iliyokuwa nzito kuliko daftari, kiti na mshahara wake vikiwekwa pamoja. Kugonga mara moja, raundi imeanza. Kugonga mara mbili, raundi imekwisha.

Mkono wa Karani ulikuwa mwembamba. Pigo la kwanza alilipiga kwa nguvu zake zote, na la pili lilitoka na zilizobaki. Kwa hiyo raundi za gereji ile zilikwisha kwa sauti ambayo haikuwa na mfano: moja nzito, moja nyepesi. Ngaa! Nga. Mafundi walicheka mwanzoni, kisha wakaizoea, kisha hata wao wakawa wakiisikia wanaweka chini vifaa na kupangusa jasho. Na Kocha hakuwa na mzaha na jambo hilo.

"Ukisikia mbili, mikono chini!" alikuwa akifoka. "Hata kama ngumi iko njiani, irudishe nyumbani! Anayepiga baada ya kengele ni mhuni, si bondia."

Winchi alikuwa mwanafunzi mtiifu kuliko wote. Ngumi ingekuwa imeshatoka begani, Karani akagonga, nayo ikafia hewani. Mikono ikashuka, macho yakageuka kwenye ile meza. Karani akajifanya anaandika.

Hakuwa anaandika. Na kila aliposikia pumzi ya kijana yule inakatika, raundi ilikwisha mapema.

"Karani," Kocha akamwambia siku moja, "saa yako inakimbia."

"Saa yangu nzima, Kocha."

"Basi kama saa ni nzima, kinachokimbia ni moyo."

Mafundi walicheka wiki nzima. Fundi rangi, mwenye mdomo kuliko wote, alikuwa kila akipita mezani anashika kifua na kupiga makofi mawili, moja nzito, moja nyepesi. Karani alitamani ardhi ipasuke. Lakini Winchi, ambaye maneno yake kwa siku ungeweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, siku ya Jumamosi alikuja na kusimama mbele ya meza yake, bandeji bado mikononi, akasema yote ya mwezi kwa pamoja.

"Karani, mimi siku hizi siwezi kupumzika mpaka unigongee. Sasa nyumbani nani atanigongea?"

Hivyo ndivyo alivyoposwa. Shangazi zake walipomuuliza mchumba alisema nini, aliona haya kuwaeleza, maana nani angeelewa?

Miaka ile ilikuwa mizuri, na asiyekubali aje amuulize Karani. Taabu ya uzito wa juu ni kwamba wapinzani ni wachache. Watu wembamba wamejaa kila mtaa, lakini mtu wa kilo mia na zaidi anayekubali kupigwa mbele ya watu hapatikani kirahisi. Winchi alipigana na bondia mmoja, mchinjaji wa nyama, mara nne. Alimshinda mara zote nne, na katika pambano la nne walikumbatiana kwenye kamba wakaulizana habari za watoto hadi mwamuzi akawakemea. Baada ya pambano yule mchinjaji alileta maini, wakala wote, jicho lake moja likiwa limefumba. Mapambano kumi na sita, ushindi kumi na tano, sare moja. Gazeti likaandika. Karani alikata kipande kile akakibandika kwenye daftari la magari.

Kisha ikaja Jumapili ya mkanda.

Lilikuwa pambano la saa kumi alasiri, ukumbi umejaa hadi watu wanakaa kwenye ngazi. Bingwa alikuja na joho linalong'aa. Winchi alikuja na koti la kazi la gereji, limefuliwa na kupigwa pasi na Karani, doa la grisi mfukoni limegoma kutoka. Kwenye meza ya waamuzi kulikuwa na kengele ya shaba, kengele ya heshima, inayolia mara moja kuanza na mara moja kumaliza.

Mafundi walikuja wote kumi na wawili kwa lori la mteja, na mteja hajui hadi leo. Wakaja na ringi. Wameipitishia bomba, wawili wamebeba begani, waliobaki wanapokezana spana. Walianza kuigonga kabla Winchi hajavua koti na hawakunyamaza. Kila mmoja alikuwa na mkono wake: fundi umeme aligonga haraka haraka, fundi bodi aligonga kama anayenyoosha mlango uliobonyea. Ulikuwa ukelele wa kutoboa masikio. Karani alikaa katikati yao, ana mimba ya miezi mitano ya kitinda mimba wake, mikono imekumbatia tumbo, akimwomba Mungu kimoyomoyo.

Raundi ya sita Bingwa alikwisha. Winchi alimpa konde la mbavu, akampa la taya, Bingwa akarudi nyuma hadi kwenye kamba, magoti yanamsaliti. Ukumbi wote ukasimama. Karani naye akasimama. Hakujua alivyofika kwenye ile ringi. Alimpokonya fundi rangi spana na, kwa furaha, kwa furaha tupu, akaigonga.

Na mkono wake ulijua njia moja tu ya kugonga. Mazoea yana taabu.

Ngaa! Nga.

Winchi akashusha mikono. Aliishusha yote miwili, akageuka kama mtu aliyemaliza kazi, akapiga hatua moja kuelekea kwenye kona yake. Kengele ya shaba ilikuwa bado sekunde arobaini. Bingwa, ambaye hakusikia chochote cha kumzuia, alitupa konde la kulia, na lilikuwa konde halali. Mwamuzi alihesabu hadi kumi. Karani alihesabu naye, spana mkononi, na hadi leo akihesabu chochote, vikombe vya mchele, vifungo, wajukuu, akifika saba huwa anasita kidogo.

Fundi rangi alimtazama mara moja. Kisha akaichukua spana mkononi mwake polepole, akageuza uso, akawa mtu mwingine asiyeona kitu.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Kocha alikuwa akilia bila kujificha. "Kwa nini ulishusha mikono? Mwanangu, niambie tu, kwa nini?"

Winchi alikuwa amekaa kwenye benchi, barafu shavuni. Karani alikuwa amesimama mlangoni, neno liko kooni. Winchi akatazama mlangoni kwa muda, akatazama chini.

"Nilichoka," akasema.

Karani alikusudia kusema usiku ule. Akasema kesho, mwache apone. Kesho zikawa nyingi. Mtoto akazaliwa. Kisha maneno ya vibarazani yakaanza, kwamba mtu hachoki akiwa anashinda, kwamba kuna bahasha ilipita, na waandaaji wakaacha kumwita, kwa sababu aliyeuza mara moja atauza tena. Sasa kulisema neno lile kukawa ni kumwambia mumewe kwamba si mkanda tu aliomnyima, na jina pia. Nani ana ubavu huo? Alinyamaza. Tangu siku ile hakushika tena spana, na aliacha kazi ya gereji kwa kisingizio cha mtoto.

Winchi alifungua kibanda cha kuziba pancha nje ya nyumba yao. Alikuwa na jambo moja la kuchekesha: alibandua matairi kwa nyundo ya mpira. Mafundi wa pancha wote duniani hugonga chuma kwa chuma, mtaa mzima ukajua kuna kazi. Yeye, du, du, du, kama anayetwanga godoro. Wateja wakimtania, husema anazihurumia ringi zao. Karani, akiwa dirishani na cherehani yake, aliona ni sawa tu. Mtu mwenye mikono ya namna ile lazima awe mwangalifu.

Mwaka jana Kocha alifariki, na watoto wake wakaivunja gereji. Wiki ya mwisho kabla ya kuvunjwa, fundi rangi, sasa mzee aliyebakiza meno ya kutafunia tu, alikuja na mkokoteni. Juu yake ilikuwepo ringi na spana namba thelathini na mbili.

"Kocha alisema ije hapa," akasema. Hakumtazama Karani.

Winchi aliishusha mwenyewe. Hakuiburuta, aliibeba kwa mikono yote miwili, akaiegemeza nyuma ya tangi la maji, akaifunika gunia. "Itakaa huku," akasema, akarudi kwenye pancha zake. Karani akajiona amekufa tena. Akajiambia: hataki hata kuiona.

Na kwa kuwa mambo hayaji moja moja, kitinda mimba akaja naye na la kwake. Sasa ni mwalimu, na ana mdomo ambao hakuutoa kwa baba yake.

"Baba, kuna mtangazaji wa redio anatengeneza kipindi cha mabondia wa zamani. Nimemwambia aje Jumamosi."

"Mimi nina nini cha kusema?"

"Unacho, baba. Mimi nimesoma darasa la kwanza hadi la saba naitwa mtoto wa bahasha. Sasa hivi mwanangu ameanza shule. Sitaki aulizwe na yeye. Nataka useme mwenyewe, kwa sauti yako, watu wasikie."

Winchi akakuna kichwa. Karani, aliyekuwa anapima mchele kwa kikombe, akafika cha saba akasita, akamwaga punje chini.

Jumamosi saa nne asubuhi mtangazaji alifika, kijana mpole mwenye shati lililonyooka. Akaamkia, "Shikamoo mzee, shikamoo mama," akaweka kinasa sauti juu ya meza ya uani kati ya vikombe vya chai. Karani alijifungia jikoni kukanda unga, na dirisha la jikoni linatazama uani. Alisikia yote. Alisikia injini na mswaki wa Kocha, akacheka peke yake. Alisikia mchinjaji na maini yake. Mumewe alikuwa akisimulia vizuri, pole pole, na kwa robo saa Karani akawa na miaka ishirini na mbili, saa mkononi, moyo unakimbia. Laiti angeweza kubaki huko.

"Sasa mzee," mtangazaji akasema, sauti ikapungua, "ile raundi ya sita. Bingwa yuko kwenye kamba. Wewe ukashusha mikono. Kwa nini?"

"Nilichoka."

"Wapo wanaosema uliuza."

"Nawasikia."

"Nao utawajibu nini?"

Karani alimwona binti yake amekaza macho kwa baba yake, midomo imebanwa, sura ileile aliyokuwa akirudi nayo kutoka shuleni.

"Nilichoka," Winchi akasema tena, kwa upole, na binti akainamisha kichwa.

Karani hakukumbuka kunawa. Alitoka na unga hadi kwenye viwiko, akasimama mbele ya meza, akakisemea kile kinasa sauti kwa nguvu kana kwamba kilikuwa kiziwi.

"Hakuchoka! Hakuuza! Ni mimi. Mimi ndiye niliyegonga ringi. Nilimpokonya fundi rangi spana nikaigonga mara mbili kama nilivyozoea, na mume wangu akadhani raundi imekwisha. Ni mimi niliyempiga, si Bingwa."

Halafu akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Alianza kulia kwa sauti, kilio cha miaka ishirini na tisa, na unga ukawa ugali usoni mwake. "Nisamehe, baba watoto. Nilikusudia kukwambia. Kila siku nilikusudia."

Binti alikuwa ameshika mdomo. Winchi hakuinuka. Alikuwa anamtazama mkewe kama alivyomtazama kutoka kwenye lile benchi, barafu shavuni.

"Karani," akasema, "siku ile ringi iligongwa na mafundi kumi na wawili. Kuanzia raundi ya kwanza, bila kupumzika. Uliniona nimeshusha mikono kwa hata mmoja?"

Karani akatikisa kichwa.

"Nisingeshusha kwa kengele ya Rais. Kuna mkono mmoja tu unaogonga vile. Kabla sijaanguka nilishajua ni wewe."

"Ulijua?" Karani akauliza. "Miaka yote hii?"

"Sasa baba, kwa nini hukusema?" Binti alikuwa karibu kupiga kelele. "Watu wamekuita mwizi!"

"Niseme nini? Niende kwenye gazeti nikawaambie nimepoteza mkanda kwa sababu mke wangu alifurahi?" Akatikisa kichwa. "Na mama yako alikuwa na tumbo lako. Nikasema, akipenda kulisema, atalisema. Asipopenda, basi. Mimi ngumi nimezoea."

Ndipo Karani alipogeuza macho kwenye kibanda cha pancha, akaiona ile nyundo ya mpira juu ya sanduku la vifaa, imelika upande mmoja kwa kazi. Du, du, du, miaka yote ile, chini ya dirisha lake. Hakuwa akizihurumia ringi za watu. Karani akafunika uso kwa kanga, akashindwa hata kulia.

Mtangazaji alikohoa. Alikuwa amesahau maswali yake. "Mama," akasema hatimaye, kwa adabu, "hiyo sauti... ingewezekana tuisikie?"

Karani akakataa kwa kichwa. Lakini Winchi alikwishainuka. Akaenda nyuma ya tangi, akatoa gunia, akarudi na ringi ya lori. Hapakuwa na mahali pa kuitundika, kwa hiyo aliushika mnyororo wake kwa mikono miwili, akainyanyua hadi usawa wa kifua, mzee wa miaka sitini na moja, mishipa ya shingo imesimama. Binti akamwekea mama yake spana mkononi. Ilikuwa nzito vilevile.

"Upesi basi," Winchi akasema. "Mimi si winchi tena."

Karani akafuta macho kwa kiwiko. Akagonga. Mara ya kwanza kwa nguvu zake zote, mara ya pili kwa zilizobaki.

Mikono ya Winchi ikashuka. Ringi ikatua chini taratibu, bila kishindo, naye akabaki ameinama juu yake, anahema, anacheka, machozi yanamdondoka kwenye chuma.

"Umekawia kunigongea, Karani," akasema.